Mathews Alikwama Mamboya: Wasifu wa Mwanamaji kwa Jicho la Msomaji wa Bariadi

Utangulizi

Wasifu ni mtoto wa kambo katika semina zetu za fasihi. Riwaya tunaichambua mpaka mifupa. Ushairi tunaugombania, huyu na vina na mizani yake, yule na shairi lake huru. Lakini wasifu ukitajwa, utasikia mtu wa nyuma akisema, "Aa, hiyo historia hiyo, wapelekeeni wenyewe." Basi, mjadala umekwisha.

Makala haya yanapinga kauli hiyo. Nimechukua maisha ya Lloyd William Mathews, Mwingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1875 akiwa luteni wa jeshi la majini, akafia hukohuko mwaka 1901 akiwa mkuu wa serikali. Maisha hayo yameandikiwa kitabu, An Apostle of Empire, yaani Mtume wa Dola, cha Robert Nunez Lyne, kilichotoka mwaka 1936. Lyne mwenyewe aliwahi kuwa mkuu wa kilimo katika serikali ya Zanzibar, kwa hiyo hapa mtumishi anamwandika mtumishi mwenzake. Nitatazama jina, msuko na wahusika, kama tunavyofanya kwa riwaya yoyote. Dai langu ni hili: wasifu wa aina hii umejengwa kama ngazi ya vyeo, na ngazi hiyo inasimama ilimradi msomaji asiwatazame watu walioishikilia chini. Mahali pa kuwatazama ni Mamboya, mwaka 1880.

Wenzangu wameniuliza: wewe mtu wa Bariadi, ya Zanzibar yanakuhusu nini? Swali la haki kabisa. Nitalijibu tukifika Mamboya.

Maisha yake kwa ufupi

Mathews alizaliwa Funchal, kisiwani Madeira, tarehe 7 Machi 1850. Aliingia jeshi la majini la Uingereza mwaka 1863, mtoto wa miaka 13. Vita vyake vya kwanza vilikuwa dhidi ya Waashanti, katika Ghana ya leo, mwaka 1873 na 1874, na mwaka huo wa 1874 akapandishwa kuwa luteni. Agosti 1875 alipangiwa HMS London, meli kongwe iliyotia nanga bandarini Zanzibar. Meli hiyo ilikuwa makao ya doria zilizokamata majahazi ya watumwa, kwa kuwa mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa umemlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini.

Mwaka 1877 Barghash alitaka jeshi la kisasa la kushikilia himaya yake ya bara. Mathews akaazimwa kutoka melini ili alifundishe. Mwaka 1881 aliacha kabisa kazi ya Malkia na kuwa Brigedia Jenerali wa Sultani. Zanzibar ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890. Mwaka uliofuata, Oktoba, Mathews akafanywa Waziri wa Kwanza. Mwaka 1894 akapewa nishani iliyomfanya aitwe Sir. Alikufa kwa malaria tarehe 11 Oktoba 1901, akazikwa Unguja kwa heshima za kijeshi.

Kijana wa meli amekuwa jenerali, jenerali amekuwa waziri. Ukiyapanga hivi, maisha yanapendeza. Ndipo mhakiki anapopaswa kuanza kazi.

Jina la kitabu

Tuanze na jalada. Mtume ni mtu aliyetumwa. Sasa jamani, Mathews alitumwa na nani? Kuanzia mwaka 1881 alivaa sare ya Sultani, akaongoza askari wa Sultani chini ya bendera nyekundu ya Sultani. Kwa karatasi alikuwa mwajiriwa wa Barghash. Lakini jina la kitabu halisemi mtume wa Sultani. Linasema wa Dola, na Dola inayokusudiwa ni ile ya London.

Mimi sioni kwamba Lyne aliteleza. Kwa maoni yangu jina hili ni kweli kuliko barua za ajira. Tazama yaliyotokea mwaka 1891: serikali ilipopangwa upya, hazina ya nchi ilitenganishwa na mfuko wa Sultani, Sultani akawekewa posho, na Waziri wa Kwanza akawa mtu ambaye Sultani hana uwezo wa kumfukuza. Aliyeajiriwa amekuwa wa kudumu, na tajiri wake ndiye anayepokea posho! Katika miaka 14 mkataba wa kazi umegeuka juu chini, bila mtu kubadili kiti. Jina la kitabu linakiri kwa fahari jambo ambalo vyeo vyenyewe vililificha.

Msuko: ngazi na vidato vyake

Msuko wa maisha haya ni wa kupanda tu, na kila kidato kina kikwazo chake. Kuna majahazi ya watumwa. Kuna kifo cha Kapteni Brownrigg wa HMS London, aliyeuawa Desemba 1881 karibu na Pemba alipokuwa akikagua jahazi, na msako ambao Mathews aliufanya kuwakamata waliohusika. Wanakuja Wajerumani na mikataba yao ya bara ya mwaka 1884. Mwishoni ni Khalid bin Barghash na jumba lake mwaka 1896. Ni vikwazo vya riwaya ya vituko: kila kimoja kinamfanya shujaa aonekane mrefu zaidi.

Hebu tusimame kwenye hicho cha mwisho. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa, Khalid akaingia jumbani bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 saa tatu asubuhi meli za Admirali Rawson zikafungua mizinga. Vita vinavyoitwa vifupi kuliko vyote duniani vilichukua kama dakika 38. Upande wa jumba watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Wasomaji wengi hucheka wakisikia "dakika 38". Ucheshi huo ni kazi ya msuko. Ukisimulia kwa saa ya mkononi, tukio ni kichekesho. Ukisimulia kwa maiti, ni mauaji. Tena waliokuwa jumbani hawakuwa wafalme. Walikuwa askari, watumishi na watumwa. Na nchi kavu, upande wa Waingereza, waliosimama na Mathews na Luteni Raikes walikuwa askari wa Zanzibar vilevile. Weusi pande zote mbili za ukuta, na kitabuni mzungu mmoja anaongezewa sifa.

Wahusika wasio na jina

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe.

Jeshi la Barghash lilikuwa la Waarabu, Wabaluchi na Waajemi. Mathews alifungua mlango kwa Waafrika. Kabla mwaka 1877 haujaisha alikuwa na watu wapatao 300 kwenye mazoezi, na miaka michache baadaye wakazidi 1,000. Walivaa kofia nyekundu, koti fupi jeusi na suruali nyeupe. Wanaume hao walitoka wapi? Wengine walikuwa watumwa walionunuliwa kutoka kwa mabwana zao. Wengine walitolewa gerezani. Wengine waliokolewa kwenye majahazi na doria zilezile za London.

Yaani mtu anakamatwa bara, anafungwa kamba hadi pwani, anapakiwa jahazini, anaokolewa na luteni wa Kiingereza, kisha anavishwa kofia nyekundu na kuamriwa kurudi bara na bunduki mkononi. Riwaya gani ya Kiswahili imepata mhusika mzito kuliko huyu? Kwa istilahi zetu za darasani, huyu ndiye mhusika duara. Mathews, kwa jinsi anavyosimuliwa, ni mhusika bapa: anabadili sare tu. Lakini huyu aliyebadilika mara nne hana jina, na Mathews ana kitabu kizima.

Mamboya

Mwaka 1880 Barghash alimtuma Mathews na jeshi lake bara. Nia ilikuwa kufika Unyanyembe, huko Tabora, njia panda ya misafara: njia moja ikienda Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini kupitia Usukuma hadi ziwani. Sasa najibu lile swali la wenzangu. Sisi wa Simiyu tuko mwisho wa njia hiyo ya kaskazini. Februari 1875, miezi michache kabla Mathews hajatia mguu Unguja, Stanley alipita Usukuma akifika ziwani, akauandika Mto Simiyu kuwa chanzo cha mbali cha Nile upande wa kusini. Ndivyo tulivyoingia vitabuni mwao: kama mto. Jeshi la Mathews lilikuwa limeanza kutembea kuelekea kwetu.

Halikufika. Askari walikataa kwenda bara, na walipolazimishwa, wakatoroka kwa wingi. Safari ikaishia Mamboya, Usagara, katika mkoa wa Morogoro wa leo. Hapo Mathews aliacha kambi ya askari 60, na baada ya miaka michache walibaki kama 10.

Katika wasifu wa vyeo tukio hili ni donge dogo la kumezwa haraka. Mwaka unaofuata shujaa anapandishwa kuwa Brigedia Jenerali na hadithi inaendelea. Mimi nasema tusimeze. Katika maisha yote ya Mathews hapa ndipo wale watu wasio na jina wanapotenda jambo kwa hiari yao. Mahali pengine pote wanatendewa: wananunuliwa, wanaokolewa, wanavishwa, wanapangwa mstari, wanapigwa mizinga. Mamboya wanatenda, na kitendo chenyewe ni kuondoka.

Angalia pia neno tunalotumia. Askari aliyeondoka tunamwita mtoro. Katika pwani ya karne ile mtoro alikuwa pia mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kwa mtu aliyenunuliwa ili awe askari, neno hili linamshika mara mbili, na wasifu unampokea kwa hukumu yake tayari mfukoni: katoroka, basi ana kosa. Lugha imemaliza kesi kabla ya ushahidi.

Kipimo cha ngoma

Kwetu Bariadi tuna kipimo kingine cha mtu kuachwa na watu. Baada ya mavuno zinachezwa ngoma za mashindano, Bagika na Bagalu, vyama viwili ambavyo asili yake inatajwa kuwa waganga wawili washindani, Ngika na Gumha. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Manju wa huku anaimba, manju wa kule anaimba. Kila mmoja ana dawa yake, kila mmoja ana vituko vyake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Umati ndio unaoamua, na unaamua kwa miguu: watu wanahama kutoka upande huu kwenda ule. Mwenye watu wengi mwisho wa siku ndiye mshindi. Manju aliyekimbiwa hawezi kusema watazamaji wake ni watoro. Ameshindwa, anarudi nyumbani kutunga upya.

Nashauri kipimo hiki kiingie katika uhakiki wa wasifu. Mbele ya kila shujaa wa vyeo tuulize: watu walihama lini? Kwa Mathews jibu la kwanza ni Mamboya. Yapo mengine. Mwaka 1885 alikwenda Kilimanjaro kuwatia machifu chini ya bendera ya Sultani, lakini mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana bara mezani, na Kilimanjaro ikaangukia upande wa Wajerumani. Septemba 1888, watu wa pwani walipoinuka pamoja na Abushiri, Mathews alipelekwa Pangani kutuliza mambo. Watu wakamkataa, ikabidi aondoke. Cheo kinapanda, uwanja unabaki mtupu. Mistari hii miwili inakwenda pamoja katika maisha yake yote, nasi tumezoea kusomewa mmoja.

Najua mwalimu mmoja atasema: kijana, usilete ngoma ya Usukuma kwenye jeshi, askari walikimbia njaa, homa na kiboko, si hukumu ya sanaa. Pengine. Lakini hata njaa na kiboko ni hoja dhidi ya manju. Mtazamaji anayehama kwa sababu ya jua kali amehama vilevile, na manju hodari humfanya asahau jua. Isitoshe, simulizi hii ilivyotufikia inasema walikataa na wakatoroka, lakini haimpi hata mmoja wao kinywa. Nami sitawatungia maneno. Kazi ya mhakiki ni kuonyesha ulipo ukimya, wala si kuupaka rangi.

Haki yake apewe

Nisije nikaonekana nachonga shetani. Mathews alikamata majahazi ya watumwa, na watu halisi walishuka wakiwa hai. Tarehe 6 Aprili 1897, akiwa Waziri wa Kwanza, amri ya Sultani Hamoud iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Hilo si dogo.

Lakini isome ile amri kama unavyosoma maandishi yoyote. Mtumwa hakuachiwa tu. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuomba. Bwana alilipwa fidia kwa hasara yake. Aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe mahali pa kuishi na njia ya kujilisha, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria walibaki nje ya amri, mpaka mwaka 1909. Bwana anaitwa mwenye hasara, mtumwa anaitwa mwombaji. Ni mkono uleule uliopanga jeshi: unampa mtu uhuru huku ukiandika atasimama wapi.

Wasifu wa aina nyingine

Je, wasifu unaweza kuandikwa vingine? Unaweza, na Kiswahili kimeshafanya. Shaaban Robert alituandikia Wasifu wa Siti Binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, mwaka uleule wa Mamboya. Baba yake alikuwa wa asili ya Unyamwezi, nchi ileile ambayo askari wa Mathews walikataa kuiendea. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu akitangaza kwa sauti njiani, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay.

Viweke vitabu hivi viwili pamoja mezani. Kisiwa kimoja, miaka inayopishana. Mmoja anapanda kwa barua za uteuzi, mwingine kwa watu kumfuata wamsikilize. Kwa kipimo chetu cha ngoma, Siti alijaza uwanja. Mathews alikuwa na uwanja uliolindwa kwa mizinga.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba kosa ni la Wazungu peke yao, na kwamba ukiandika kwa Kiswahili umepona. Tippu Tip, aliyemalizia maisha yake Zanzibar na kufa mwaka 1905, alituachia maisha yake kwa Kiswahili safi, na ndani yake wapagazi huhesabiwa kama pembe zinavyohesabiwa. Ngazi ya Tippu Tip ni ya mali na ya Mathews ni ya vyeo. Chini ya zote mbili wamelala watu walewale.

Hitimisho

Nimesema wasifu ni fasihi, na kwamba ule wa Mathews unasomeka vizuri zaidi ukianzia mahali aliposhindwa. Jambo hili si la Zanzibar ya kale tu. Ngazi ile ilifika mpaka kwetu Ntuzu baadaye, kwa Wajerumani kisha Waingereza, kwa sura ya bwana shauri aliyepitia kwa batemi. Na sasa viongozi wetu wenyewe wanaandika: Mkapa alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2019, Mwinyi mwaka 2021. Ni jambo jema, waandike wengi zaidi. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 tu, makao makuu Bariadi. Haitachukua muda, atatokea mkuu wa wilaya mstaafu au mwandishi wake na kitabu chenye picha ya suti jaladani, na sura baada ya sura za uteuzi.

Kitakapofika darasani tusikipeleke idara ya jirani. Tukisome. Tutafute wakulima wa pamba walipokataa bei, wanakijiji waliposusa mkutano, walimu walipoomba uhamisho. Kama kurasa hizo hazimo, tuseme wazi kwamba hazimo. Kama zimo, na mwandishi amewapa watu hao majina na vinywa, basi tutakuwa tumepata wasifu ambao Mathews hakuandikiwa.